Ukuta Tulioujenga Kama Mfereji

Mwanangu Nikundiwe,

Kabla hujaanza kuucheka mwandiko wangu, kumbuka kwamba niliacha shule darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza mimi, lilinimaliza lenyewe. Hata hivyo hapa Mhezi hakuna mtu anayechora herufi kubwa kama zangu. Katazame ile B ya BWANA juu ya mlango wa kanisa, kisha uniambie kama walimu wako wanaiweza.

Umeona? Nimeshaanza. Nimekaa hapa kizingitini kukuandikia jambo la aibu, na mstari wa kwanza tu nimejisifu.

Mama yako yuko ndani anakunja shati lako kwa mara ya nne. Mambo ya shati, sabuni, blanketi na kutokubali chakula cha watu usiowajua ndani ya treni, hayo ni yake. Ameshakwambia na atakwambia tena njia nzima mpaka Makanya. Mimi sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja, ngoja nilitoe kabla sijapata ujanja wa kulizunguka.

Ukuta wa kanisa unaweza kuanguka. Ule mrefu wa upande wa bondeni, kati ya dirisha la pili na la tatu, pale bibi yako anapoegemea kila Jumapili kwa sababu benchi lake halina mgongo. Na kesho asubuhi, kabla hujashuka kwenda kwenye treni, watu wote wa kitongoji chetu cha Juu na wale wa Bondeni wataingia humo kukuombea. Watabanana. Wataimba, na wewe unajua tunavyoimba, mpaka vumbi linashuka kwenye kenchi za paa. Ukuta huo nimeujenga mimi. Mpaka dakika hii ninapoandika, sijamwambia mtu yeyote.

Utasema, baba, mimi si niko hapa nyuma ya nyumba nachanja kuni, kwa nini usiniite? Nimejaribu. Jana tulipokwenda kukata majani ya ng'ombe nilikwambia, "Nikundiwe, kaa hapo kwenye jiwe." Ukakaa. Nikafungua mdomo. Kikatoka nini? Hadithi ya siku nilipopanda mlima na mabati sita kichwani kutoka Makanya bila kupumzika. Ukasema, "Baba, mwezi uliopita yalikuwa manne." Tukacheka, nikashindwa kuendelea. Kwa taarifa yako yalikuwa mawili, na nilipumzika kila penye kivuli. Mdomo wangu ni kama punda aliyezoea njia moja, ukimgeuza anakaa chini. Kalamu angalau ni ngeni kwangu, haijui njia.

Kanisa letu la kwanza halikuwa la mawe. Lilijengwa wakati wa Mjerumani na Mzungu wa misheni pamoja na babu yako na wenzake, miti na udongo, paa la nyasi, mlango mmoja na madirisha madogo kama ya ghala. Vita vilipokuja Mwingereza akamchukua yule Mzungu. Babu yako alimwona akishuka na kofia yake na sanduku moja. Kabla ya kuondoka aliwaachia wazee picha. Ilikuwa picha ya kanisa la kijiji chao, huko kwao, la mawe matupu, la zamani mno. Alisema waliolijenga hata babu wa babu yake hakuwajua, na bado watu wanaoana humo.

Picha hiyo ilikaa miaka kwenye sanduku la mzee Sefania. Unamjua leo akiwa mzee wa kanisa na fimbo yake. Wakati huo alikuwa na meno yote. Mchwa walipomaliza nguzo za kanisa la miti, na nyasi zikaanza kuvuja hata juu ya Biblia, Sefania akaitoa. Akaizungusha mkono kwa mkono. Akasema, "Tujenge hili. Mchwa hana meno ya jiwe."

Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka Same kufanya kazi kwa fundi wa Kihindi aliyekuwa akijenga nyumba za serikali. Nilichanganya chokaa misimu miwili, nikashika mwiko nusu msimu, nikarudi Mhezi nikiwa fundi mkuu. Nani wa kunibishia? Nilikuwa na timazi yangu mwenyewe, kile kipande cha risasi kwenye uzi, nikitembea nayo hadi sokoni. Mama yako anasema ndiyo aliyoipenda, si mimi.

Basi picha ikaletwa kwangu niisome. Nikaisoma! Niliwaambia: kuta nene, unene wa mkono kuanzia begani hadi kwenye kucha. Madirisha marefu yenye tao juu, mawe yamepangwa kama meno ya juu ya mtu anayecheka, na moja la katikati la kuyabana yote. Paa la mteremko mkali. Hayo yote nilisema sawasawa, na matao yangu mpaka leo hayajatoa hata punje.

Lakini kwenye ile picha, nje ya ukuta, kulikuwa na vinguzo vya mawe vimesimama kila baada ya dirisha, vipana chini, vyembamba juu, vimeuegemea ukuta. Mzee mmoja akauliza, "Na hivi ni vya nini, fundi?"

Sikujua. Ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Hiyo ni mikongojo. Kanisa lao limezeeka. Letu ni kijana, mkongojo wa nini?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ukuta ukajengwa bila vinguzo. Nilikuja kuelewa kazi ya vinguzo hivyo baadaye, nilipoona kuta zinavyosukumwa nje na paa. Paa halilali tu juu ya ukuta, mwanangu, linausukuma, kama mtu anayejinyoosha kitandani na kumtupa mwenzake chini.

Hilo ni kosa la kutojua, na peke yake huenda lingesamehewa. Lile lingine nililijua.

Wewe unajua mfereji tunavyouchimba. Pembe inalia, watu wanatoka na majembe, msaragambo umeitwa na asiyefika anatozwa. Wazee wanapima kwa fimbo: hapa mpaka kwenye mgomba ule ni watu wa Juu, kutoka pale mpaka kwenye mwamba ni watu wa Bondeni. Kila upande na kipande chake. Matusi yanavuka kutoka huku kwenda kule, nyimbo zinavuka, kila upande unataka kumaliza kwanza. Jioni maji yakifunguliwa kutoka kwenye ndiva, lile bwawa letu la juu, yanapita kipande hiki, yanapita kile, na hakuna anayejua changu kiliishia wapi. Maji yenyewe yanatuunganisha. Tumefanya hivyo tangu kale, na kwa mifereji hakuna wa kutufundisha, awe Mgweno awe Msambaa.

Kwa hiyo ilipofika zamu ya kanisa, wazee wakaugawa ukuta kama mfereji. Kutoka madhabahuni hadi katikati, watu wa Juu, fundi wao mimi. Kutoka mlangoni hadi katikati, watu wa Bondeni, fundi wao Mbonea. Wakapima kwa fimbo ileile. Hakuna aliyeona kosa. Mimi mwenyewe nilipiga makofi.

Mbonea unamjua kama yule mzee mnene anayekuita "mtoto wa kelele". Wakati huo alikuwa mwembamba na mkimya, jambo lililonikera sana. Alijenga polepole kama mtu anayechambua maharage. Mimi nilikuwa nakimbia. Wanawake wa Juu walibeba mawe kutoka mtoni wakiimba jina langu, na kila nikipandisha mstari mmoja nilimpigia Mbonea kelele, "Wewe! Unajenga au unatotoa mayai?"

Siku moja mchana akaja hadi mwisho wa kipande changu, pale katikati. Akatazama. Akaniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, hapa tunafungaje?"

Yule fundi wa Kihindi alinifundisha jambo hilo siku ya kwanza niliposhika mwiko. Ukiishia njiani, usimalizie mwisho sawasawa. Acha meno. Acha jiwe moja limechomoza na moja limerudi ndani, juu mpaka chini, ili mwenzako akija mawe yake yaingie kati ya yako kama vidole vya mikono miwili. Bila hivyo hamna ukuta mmoja, mna kuta mbili zilizosimama jirani.

Nilijua, Nikundiwe. Nilijua kama ninavyojua jina lako. Ila ukuta wenye meno haupendezi, unaonekana haujaisha. Ningeacha meno, watu wangesema fundi wa Juu hajamaliza, anamsubiri Mbonea. Nami nilitaka nimalize. Nilitaka mwisho wangu uwe umenyooka, timazi imetulia, watu wapitishe mkono waseme lo.

Nikamjibu mbele ya wasichana wote, "Lete kwanza huo ukuta wako ufike hapa, ndiyo tuongee habari za kufunga. Kwa mwendo huo tutaongea na wajukuu zako."

Aliondoka. Mmoja wa wale wasichana baadaye akawa mkewe.

Nikanyoosha mwisho wangu kama ubavu wa sanduku. Nikamaliza kwanza, nikabebwa mabegani kuzunguka uwanja. Mbonea na watu wake walipofika, baada ya wiki nyingi, wakayapanga mawe yao mpaka yakagusana na yangu, na ule mwanya wakaushindilia udongo na kokoto. Upande wa mlimani nako tulifanya vivyo hivyo, lakini ule umekingwa na kilima. Wa bondeni una hewa tupu nyuma yake. Kisha tukapiga lipu ndani na nje, tukapaka chokaa, mshono ukapotea. Kanisa likang'aa hadi watu wa tambarare wakaliona.

Bwana DC alipanda kutoka Same kuja kulitazama. Aligongagonga ukuta kwa kifimbo chake na kusema kwa Kiswahili chake cha puani, "Kazi nzuri sana, nani fundi?" Nikatoka mbele haraka mpaka nikamkanyaga mzee Sefania. Mtoto wa kwanza kubatizwa humo ni wewe. Ulilia muda wote. Nikasema mtoto ana sauti ya kiongozi.

Ufa wa kwanza niliuona ulipokuwa unaanza kutembea. Mstari mwembamba kama unywele, kutoka chini hadi juu, umenyooka. Hakuna ufa unaonyooka hivyo isipokuwa uliotengenezwa na mtu. Mwaka huo nikajitolea kupiga lipu na chokaa kabla ya Krismasi. Watu wakasema, "Tazama fundi anavyoipenda nyumba ya Bwana!" Na mwaka uliofuata, na uliofuata. Wewe mwenyewe ulinishikia ndoo. Ulikuwa ukiniuliza, "Baba, kwa nini tunaanzia hapa kila mara?" Nilikujibu hapa ndipo macho ya watu yanapoangukia. Nikafurahi kwamba nimejibu upesi.

Paa la mabati lilipokuja, na kenchi mpya nzito kutoka msitu wa Shengena, ufa ukaanza kupumua. Zamani ulipokea ukucha. Baadaye kidole. Wiki hii, baada ya mvua hizi za siku tisa, nimeingiza kiganja kizima nyuma ya ile kabati ya vitabu vya nyimbo. Nimetundika timazi yangu ndani, kimya kimya, mlango nimefunga. Juu ukuta umetoka nje vidole vitatu. Kisha nikaweka sikio.

Nilisikia mchanga ukichuruzika. Ndani ya ukuta, mwanangu. Kidogo, unanyamaza, kidogo tena. Nilitoka humo nikitembea kwa ncha za vidole, kama mtu aliyemkuta chui amelala.

Na bado sikusema! Hapo ndipo ninapojiogopa kuliko ninavyouogopa ukuta. Siku ileile mzee Sefania alinisomea barua aliyowaandikia wenye chuo cha ufundi huko Moshi, wakupokee: "Kijana huyu ni mtoto wa fundi aliyejenga kanisa letu, nanyi mkifika mtaona kazi ya baba yake." Akaniangalia nifurahi. Nikatabasamu kama mbuzi aliyetoka shamba la jirani. Nikafikiria: kesho na keshokutwa itapita, mtoto ataondoka, halafu nitatafuta njia. Wamekuchukua kwa ajili ya ukuta huo. Nikiutaja, je, watakuacha uende? Ndivyo nilivyojidanganya, nikakufanya wewe sababu.

Lakini leo mchana bibi yako kaniambia, "Kesho nitakwenda mapema, nipate mahali pangu pa kuegemea."

Naiacha kalamu hapa. Mvua imekatika na jua bado lipo. Naenda Bondeni kwa Mbonea. Nikirudi nitakuandikia, na nisipoandika ujue nimeishia njiani kwa woga, na wewe uniite mwoga mbele ya mama yako.

Nimerudi. Mikono ina matope, samahani kwa karatasi.

Nilimkuta Mbonea anamenya muwa mlangoni kwake. Aliponiona alimwita mkewe kwa sauti, "Toka uone! Bingwa wa Juu amekanyaga Bondeni! Leo itanyesha mvua ya mawe."

Nikasema, "Mbonea, usitaje mawe."

"Kumekucha. Umekuja kunionyesha herufi B?"

"Nimekuja kukwambia habari ya ukuta. Pale katikati. Siku ile uliponiuliza tunafungaje..."

Akaacha kumenya. Mkewe akarudi ndani bila kuambiwa. Kisha Mbonea akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua haukufungwa. Mimi ndiye niliyeshindilia ule udongo kwa mkono wangu, utaniambia nini? Ningeweza kubomoa mwisho wako nikatoa meno mwenyewe. Kazi ya siku mbili. Nikasema ngoja, mvua ya kwanza itamwaibisha huyu, watu wamwone. Mvua ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nikaoa, nikabatiza watoto mle ndani. Hapo nikaanza kuogopa. Lakini ningesemaje? Wangeniuliza, ulijua na ukakaa kimya?"

"Kwa hiyo ulikuwa unanisubiri mimi."

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Wewe unaongea kila kitu! Nilisema, mtu wa mdomo kama huyu, siku moja litamtoka tu. Kumbe hilo ndilo pekee ulilokuwa unaweza kulificha." Akatema makapi ya muwa. "Kila Jumapili nakaa karibu na mlango na watoto wangu wote saba. Hukuwahi kujiuliza kwa nini?"

Sikuwahi. Nilidhani anapenda kutoka mapema.

Nikamwambia ya mchanga. Hapo akasimama, na mtu mnene yule nilimwona amekuwa mweupe midomoni. Tukapanda pamoja hadi kwa mzee Sefania. Njiani aliteleza nikamshika, akasema, "Uniache, utanijenga vibaya." Nilicheka, Nikundiwe.

Sefania alitusikiliza amesimama. Nilisema yote, hata lile la mikongojo. Alipomaliza kusikia alikaa chini kwenye kigoda. "Miaka yote hii," akasema, "nimekuwa nikisimama mbele ya watu kukuombea baraka kwa sababu ya chokaa yako." Mbonea hakunitania.

Nikamuuliza Sefania habari yako. Nilimwambia, "Mzee, na ile barua ya mtoto?" Akanikazia macho mpaka nikatazama miguu yangu. Akasema, "Mtoto aende. Anakwenda kujifunza, haendi kufundisha. Na afike huko akijua."

Basi ndiyo maana umeipata barua hii.

Tumekata magogo manne, Mbonea na mimi, mawili tukayategemeza chini ya kenchi mbili zilizo juu ya mshono, na mawili nje, tukiusukuma ukuta kama watu wanaozuia mlango usifunguliwe. Kwa hiyo sasa una mikongojo. Tulipokuwa tukikaza gogo la mwisho ukuta ulitoa sauti. Si kubwa. Kama mzee anayekohoa akiwa amefunga mdomo. Mbonea akaniangalia, nami nikamwangalia, tukatoka nje bila kukimbia, maana tuliogopa hata mshindo wa miguu yetu. Mlango umefungwa, ufunguo uko kwa Sefania, na vijana wawili wamekaa mbali kuzuia mtu asikaribie.

Kesho utaombewa kwenye uwanja, chini ya mbingu. Watu watauliza kwa nini, na Sefania amesema nitawajibu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Utanisikia. Nakuomba usitazame chini nitakapokuwa nasema. Nitazame. Nikianza kujisifu, kohoa.

Sikuachii mafundisho, kwanza sina. Nina neno moja tu la fundi kwa fundi. Huko watakupa kipande chako, na upande wa pili watampa mwingine, labda mtu mkimya anayekukera. Ukifika mwisho wa kipande chako utatamani kukinyoosha kipendeze. Kiache kibaya. Kiache na meno, watu waseme hujamaliza. Na mtu akikuonyesha kitu kwenye picha usichokijua, sema sijui. Mimi neno hilo nimelijaribu leo jioni kwa Sefania, aliponiuliza kama ukuta utafika asubuhi. Halikuniua.

Jambo la mwisho ndilo linalonitia hofu, na ndilo sitakwambia kesho usoni kwa sababu hutakubali kuondoka. Nikishakusindikiza stesheni na mama yako, nikirudi tunaubomoa. Lazima ushushwe kwa mikono kutoka juu, mabati kwanza, kisha kenchi, kisha jiwe baada ya jiwe, la sivyo utaondoka na upande wote. Hapo juu wataruhusiwa kupanda watu wawili tu, wanaojua kila jiwe limelala vipi. Mbonea atakaa upande wake wa mshono, mimi upande wangu. Alisema, "Wewe una kiuno kibovu, mwache mwingine." Nikamwambia, "Na wewe una tumbo, ukuta utajua uko wapi." Tukabishana hivyo mpaka tukaona wote wawili tutapanda, maana kila mmoja anaogopa kumwacha mwenzake peke yake juu ya kosa la wote wawili. Mama yako anajua. Ndiyo maana bado analikunja lile shati.

Barua hii nitakupa stesheni, na nitakuapisha usiifungue mpaka treni iondoke. Nakujua, utaifungua kabla magurudumu hayajazunguka mara kumi. Kwa hiyo utakapofika hapa kwenye maneno haya, mimi nitakuwa napanda mlima kurudi, au nimeshafika na kuvua viatu. Mbele yako patakuwa na Same, treni itasimama, na utakuwa na muda wa kutosha kuchukua sanduku lako na kuruka.

Mvua imeanza tena. Nyepesi. Ninaisikiliza, na nyuma yake nasikiliza upande wa kanisa, na mpaka sasa ni mvua tu.

Usishuke Same, Nikundiwe. Hata moyo wako ukikwambia nini. Kaa kitini, shika sanduku lako, uache treni iondoke.

Baba yako,
fundi wa nusu ya ukuta